Chokaa ya Lamu, Udongo wa Likunja

Mama mdogo alinifundisha kusiriba ukuta kabla sijajua kuandika jina langu vizuri. Kwetu Likunja, wilayani Ruangwa, nyumba ya miti na udongo hujengwa kiangazi, mavuno yakishaingia ndani na kabla korosho hazijaanza kuita watu mashambani. Wanaume walisimamisha nguzo, wakafunga fito kwa kamba za magome, kisha kazi ikahamia kwetu. Tulichimba udongo palepale uani, tukaumwagia maji, tukaukanyaga kwa miguu mpaka magoti yakauma. Watoto tulitumwa maji. Ndoo kwenda, ndoo kurudi, tangu alfajiri.

Mama mdogo hakuwahi kupima kitu kwa rula. Alichota udongo, akaufinya kwenye ngumi, akafungua mkono. Ukibaki na alama za vidole vyote vinne bila kutoa maji, umeiva. Ukimeguka, bado una kiu. Ukinata, umelewa, na dawa yake ni kuuacha ulale mpaka kesho. Hapo ndipo watu waliposimama pande zote mbili za ukuta, mmoja ndani, mwingine nje, wakakandika kwa mpigo mmoja ili madonge yakutane katikati ya fito na kushikana.

Tabaka la kwanza lilipokauka lilipasuka ukuta mzima. Mwaka ule wa kwanza nilidhani tumekosea, nikaanza kuziba nyufa kwa kidole. Akaniondoa mkono. “Acha lipasuke,” alisema. “Hizo nyufa ndizo meno. Tabaka la pili litang'ata nini kama hakuna meno?” Siku kadhaa baadaye tulirudi na udongo laini uliochekechwa, tukausiriba kwa kiganja, na mwisho kabisa tukapaka udongo mweupe. Asubuhi jua lilipochomoza, ukuta ule ulikuwa na alama za viganja vyetu, mawimbi madogo madogo ambayo huwezi kuyaona isipokuwa mwanga unapopita kwa ubavu.

Naanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo macho niliyokwenda nayo Lamu.

Nyumba niliyokwenda kuiona imo katikati ya mji, ndani ya vichochoro ambavyo punda akipita mtu hujibana ukutani. Ni nyumba ya mawe ya karne ya 18, iliyokuwa maskani ya familia, na sasa ni makumbusho: watu hulipa kiingilio, huvua viatu pale wanapotakiwa, hutembezwa chumba hadi chumba kuona jinsi waungwana wa Lamu walivyoishi. Mji wenyewe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Wageni wengi huja kwa ajili ya vitanda vya kamba, mbuzi ya kukunia nazi, vyombo vya shaba na sahani za kale. Ni vitu vizuri. Mimi nilikwama ukutani.

Ukiingia unapita kwanza kwenye daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe vinavyotazamana, ambapo mwenye nyumba alipokea watu wa shughuli bila kuwaingiza ndani. Mlango ukifunguliwa huoni kitu. Kuna tekani, chumba kidogo cha kupitia kilichopindwa makusudi, ili jicho la mpita njia lisifike uani. Baada ya kona hiyo unaibukia kwenye kiwanda. Msomaji wa bara asichanganyikiwe: kiwanda cha Lamu hakina mashine, ni ua wa ndani ulio wazi juu, na ndio pafu na taa ya nyumba nzima. Kutoka hapo vyumba vinafuatana kwa kupanda: msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Kila chumba kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, kwa hiyo kila hatua ya kuingia faraghani ni hatua ya kupanda. Nyuma kabisa kuna nyumba kati, walikooshewa maiti.

Vyumba ni vyembamba na virefu. Upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu, wakati urefu unaweza kuwa mara tatu au nne ya hapo. Mgeni aliyekuwa kando yangu alisema huenda watu wa kale walipenda vyumba vya aina hiyo. Sababu ni mti. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti iliyonyooka, nene kiasi cha kubeba sakafu ya mawe, haipatikani ndefu upendavyo. Mkoko umeamua upana wa chumba, na mwashi amekubali. Miti hiyohiyo ilipakiwa majahazini tangu zamani, kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji, ikapelekwa Omani na bandari za Ghuba ambako miti ni adimu, na huko nako vyumba vya kale vikawa na upana huuhuu. Mpaka leo wakataji huihesabu kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kuiita kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Niliposikia neno fito nilicheka kwa furaha. Fito za Likunja hutoka porini na za Lamu hutoka kwenye tope la bahari, lakini jina ni moja na kazi ni moja.

Kuta zina unene wa karibu nusu mita. Zimejengwa kwa matumbawe, na hapa kuna aina mbili ambazo fundi hakuzichanganya. Kuna jiwe la matumbawe la nchi kavu, gumu, lililochimbwa ardhini, ambalo hujaza mwili wa ukuta. Na kuna tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai, wakati maji yamekupwa. Hilo likiwa bichi hukatika kwa shoka dogo au kisu, mtu akalichonga ukingo wa mlango au pembe ya kidaka kama anayechonga muhogo. Likikaa hewani likakauka, hugumu. Fundi ana siku chache tu za kuliambia analotaka. Baada ya hapo halisikii.

Lakini jiwe peke yake ni lundo tu. Kinacholifanya nyumba ni chokaa, na hapo nataka kukaa kidogo.

Chokaa ya pwani inatokana na matumbawe yaleyale. Magogo hupangwa kwa duara, tabaka juu ya tabaka, na katikati huachwa uwazi mfano wa bomba, unaojazwa vijiti vikavu. Juu yake hurundikwa mawe ya matumbawe yaliyovunjwavunjwa. Moto hushushwa katikati, lundo zima hushika, na mawe hukaa juu ya moto huo yakizama polepole kadiri magogo yanavyokuwa makaa. Joto likifika kiasi cha nyuzi 900, jiwe huachia hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake. Kwa nje huoni badiliko kubwa, ila ukilinyanyua utashangaa: kilo 100 za jiwe safi zimebaki kilo 56 hivi. Karibu nusu ya jiwe imepanda angani.

Kisha linakuja jambo ambalo mafundi huliita kuzima chokaa, na neno hilo ni sahihi kuliko linavyosikika. Moto wa kuni umekwisha, lakini jiwe bado lina moto wake. Ukilimwagia maji linatoa sauti, linachemka, linapasuka na kuwa unga au uji mweupe unaounguza ngozi. Mtu asiyejua huweza kupofuka macho. Likishapoa haliendi ukutani. Linawekwa shimoni, linafunikwa, linaachwa. Wiki hazitoshi, ni miezi. Kadiri linavyokaa ndivyo chembe zake zinavyozidi kuwa ndogo, mpaka uji unakuwa mzito na laini kama mtindi uliokamuliwa maji, unaoshika mwiko bila kudondoka. Chokaa isiyokaa vya kutosha ina punje ambazo hazijazimika, na punje hizo huja kuzimika zikiwa tayari ukutani. Zinavimba, zinafyatua plasta vipande vipande, miezi baada ya fundi kulipwa na kuondoka.

Chokaa ikishapakwa, huanza kuvuta kutoka hewani ileile hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni. Inaivuta polepole, mwaka hadi mwaka, kuanzia juu kwenda ndani, na kila inapoivuta inarudi kuwa jiwe. Ukuta wa Lamu ni tumbawe lililochomwa, likafa, likalainishwa, likapewa umbo, kisha likaachwa lijirudie lenyewe. Aliyeupaka alijua kwamba hatakuwepo utakapokauka kabisa. Mama mdogo alisubiri siku kadhaa kati ya tabaka na tabaka, nami nikadhani huo ndio uvumilivu mkubwa kuliko wote.

Sasa tuingie ndani, kwenye zidaka.

Chumba kiitwacho ndani ndicho kilicho mbali zaidi na jua. Mwanga umeingia kwa juu ya kiwanda, umepita msana wa kwanza, umepita wa pili, na unapofika hapa umechoka. Na hapa ndipo fundi alipoweka kazi yake kubwa kuliko zote: ukuta mzima wa vidaka, au zidaka kama watu wa Lamu wasemavyo, safu juu ya safu, kila kimoja na kiupinde chake, vimezungukwa na kanda za plasta iliyochorwa. Zilikuwa mahali pa kuwekea sahani na mabakuli ya Uchina, misahafu, vitu vya thamani. Mwenye hadhi alionekana kwa zidaka zake, na bibi harusi alifikia kwenye chumba chenye ukuta huo, kwa maana nyumba hizi zilijengwa kwa ajili ya mabinti. Baba mwenye uwezo alimjengea binti yake anapoolewa, ama kwa kuongeza ghorofa juu, ama jirani, na pengine nyumba mbili za ndugu ziliunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kama daraja, ili wanawake watembeleane bila kushuka njiani.

Nilimwomba kijana aliyekuwa akitutembeza aniruhusu nikae pale dakika chache wakati wenzangu wakipanda darini kuona jiko. Akasema, “Kaa, dada, usiguse tu.” Sikugusa. Nilifanya alivyonifundisha mama mdogo: nilisogeza shavu karibu na ukuta, nikautazama kwa ubavu.

Ukisimama mbele yake, ukuta wa zidaka unaonekana kama kitambaa, kitu kimoja kilichofumwa. Ukiutazama kwa ubavu unaona kisu. Fundi alipaka tabaka la chokaa nzuri, akaliacha lianze kushika, na alipoona limefika pale panapotakiwa, limeacha kuwa uji lakini halijawa jiwe, akaanza kulikata. Kila mkato una pande mbili: mmoja umesimama karibu wima, mwingine umelazwa kwa mteremko. Kwa nini alaze upande mmoja? Kwa sababu ya ule mwanga uliochoka. Mkato uliosimama pande zote mbili ungekuwa mstari mweusi tu. Uliolazwa unapokea mwanga hafifu na kuugawa, nusu kivuli, nusu weupe, na mchoro wenye kina kidogo sana unaonekana umezama. Fundi huyu hakuwa na taa. Alikuwa na mwanga uleule niliokuwa nao mimi, na alichora kwa ajili ya mwanga huo.

Michoro inarudiwarudiwa: majani yaliyopunguzwa mpaka yamebaki umbo tu, maua ya duara, misururu ya pembe kama mkeka uliosukwa. Ukihesabu kwa macho unadhani yote ni sawa. Kwa ubavu hayako sawa hata kidogo. Hapa mkato umeanza kwa nguvu na kuishia kwa wepesi, pale mkono umebadilika pembe kwa sababu mtu amefika kwenye kona na imembidi ageukie upande wa pili. Nilifuata ukanda mmoja kuanzia kushoto. Katikati ya njia mikato ilianza kuwa mifupi na ya haraka, na nadhani najua sababu, kwa kuwa nimewahi kuharakishwa na ukuta unaokauka. Kuna saa ambayo plasta inakuambia kwamba umebakiza muda mfupi. Unaisikia kwenye kisu kabla hujaiona kwa macho. Fundi wa kwelikweli hupima eneo la kupaka asubuhi kwa kiasi ambacho mkono wake utamaliza kukata kabla chokaa haijafunga mlango. Ukikosea hesabu hiyo, unabandua na kuanza upya.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko dakika nilizoomba. Kila kitu kwenye nyumba ile kilianza kuonekana kwa namna hiyo.

Sakafu, kwa mfano. Juu ya boriti hupangwa vibao vya matumbawe, na juu yake humwagwa zege la chokaa, mchanga na kokoto. Saruji ya leo ukishaimwaga unaiacha. Zege la chokaa lazima lipigwe. Pwani yetu kazi hiyo ilikuwa na watu wake: wanawake kwa makundi, wameshika virungu vya mbao, wakipiga kwa pamoja na kuimba ili mkono ufuate mkono, siku baada ya siku, mpaka maji yapande juu na uso ushikamane. Ndiyo kupiga sakafu. Na neno lenyewe lina siri. Kwa Kiarabu, lilikotoka, maana yake ni paa. Sisi tumelishusha likawa la kukanyagia, na nyumba za ghorofa ndizo zinazoeleza sababu: paa la aliye chini ni sakafu ya aliye juu.

Au birika. Pembeni, karibu na choo, kuna birika la maji lililosakafiwa kwa chokaa laini. Maji yaliyotuama huzaa mbu, hilo kila mtu wa pwani analijua, kwa hiyo waliweka humo visamaki vya kula viluwiluwi. Lakini maji ya kutawadhia huteremka, pengine mpaka karibu na chini, na samaki watafanyaje? Katika mabirika ya nyumba za aina hii fundi alizamisha bakuli dogo la kauri kwenye sakafu ya birika, likasawazishwa nayo. Maji yakipungua, bakuli linabaki na maji yake, na samaki wana pa kungojea. Mtu aliwaza habari za samaki wakati chokaa ingali mbichi.

Mlango pia ulinirudisha nyumbani. Mbao zinazosifiwa kwa milango ya pwani ya kaskazini ni mbambakofi. Mti huohuo, kwetu Lindi, tunauita mkongo, na kila seremala wa Ruangwa na Nachingwea ameshika randa juu yake. Mlango una ubao wa kulia uitwao dume na wa kushoto uitwao jike, na katikati umesimama mfaa, ubao mwembamba unaofunika mwachano wa hizo mbili.

Sasa, mikono.

Majina ya waliokata zidaka hizi hayakuandikwa ukutani. Ya familia zenye nyumba yanakumbukwa, kwa nasaba, kwa mitaa, kwa misikiti waliyoijenga. Fundi hakutia sahihi. Na chini ya fundi walikuwapo waliobeba: waliobeba matumbawe kutoka ufukweni, kuni kwenye tanuri, mchanga, na maji. Katika miji ya pwani ya zama hizo kazi hiyo nzito ilikuwa juu ya watumwa. Hilo siwezi kulipita kimyakimya, mimi mtu wa Likunja. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice aliwekeana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Kilwa haikuwa na watu hao kisiwani. Walitoka bara, nyuma yake, kwenye njia zilizofika mpaka Ziwa Nyasa na kupita katika nchi za Wayao, Wangindo, Wamakua na sisi Wamwera. Baadaye, karne ya 19, Kilwa Kivinje ikawa mlango mkubwa wa biashara hiyo, na walioshushwa majahazini hawakuishia Unguja. Wengine walifikishwa kaskazini hadi mashamba na majumba ya Lamu.

Kwa hiyo nilipotazama mkato ule wa kisu uliolazwa kufuata mwanga, niliustahi kwa moyo wote, na papo hapo nikafikiria vichwa vilivyobeba matenga. Heshima ya kazi haigawanyiki vizuri. Siwezi kumsifu aliyekata nikamwacha aliyechota maji, kwa sababu najua kwa miguu yangu mwenyewe ukuta unakunywa maji kiasi gani. Na pengine, nasema pengine tu, miongoni mwa waliokanyaga mchanganyiko ule walikuwapo watu ambao kwao walijua kufinya udongo kwenye ngumi na kufungua mkono.

Ndiyo maana natamani jambo moja kwa nyumba zote za kale zilizogeuzwa kuwa maonyesho, za Lamu, za Unguja, za Bagamoyo, popote. Kwa kawaida huonyesha alichokuwa nacho mwenye nyumba. Vitanda, vyombo, mavazi ya arusi. Ningependa chumba kimoja kiachwe bila kitanda, kiwekwe tumbawe bichi na tumbawe kavu, chokaa ya miezi sita kwenye karai, virungu vya kupigia sakafu, na kipande cha ukuta ambacho mtoto wa shule anaruhusiwa kukikata kwa kisu na kuona kinavyokataa. Mtoto huyo akirudi kwenye zidaka atazitazama kwa ubavu bila kuambiwa na mtu.

Hata kuzihifadhi nyumba hizi ni suala la kujua kazi kuliko kuwa na fedha. Ukuta wa matumbawe umejaa chumvi na unyevu tangu siku ulipozaliwa. Chokaa inauruhusu kupumua: maji huingia msimu wa mvua, hutoka kiangazi. Mtu mwenye nia njema akija na mfuko wa saruji akaziba ufa, amefunga pua ya ukuta. Unyevu unatafuta njia nyingine, chumvi inajikusanya nyuma ya saruji, na baada ya miaka plasta ngumu inaanguka na uso wa jiwe la kale. Nimeona jambo hilo kwenye nyumba nyingi za pwani yetu, na linaniuma kwa sababu aliyefanya hivyo alidhani anasaidia. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 na sultani Barghash, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa. Majengo haya yana uzito wa kweli.

Sisi wa mkoa wa Lindi hatuhitaji kwenda Lamu kuukuta ufundi huu, ingawa mimi nilihitaji. Songo Mnara, katika wilaya ya Kilwa, kuna magofu ya nyumba za mawe za karne ya 15 zenye viwanda vyake vya ndani, baraza zake, na vidaka kwenye kuta. Ni baba wa babu wa nyumba za Lamu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia kwenye urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyaimarisha. Hayana paa. Vidaka vyake vimebaki kupokea mvua. Mshairi wa utenzi wa Al-Inkishafi aliyatazama majumba ya Pate yakiwa katika hali kama hiyo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na akasikitika moyoni mpaka akatunga. Tofauti kati ya Songo Mnara na nyumba ile ya kichochoroni Lamu ni kwamba moja ilipata mtu wa kuipaka chokaa kila baada ya muda, na nyingine ikakosa. Sioni tofauti nyingine.

Niliporudi Likunja nilimkuta mama mdogo uani, anapepeta ufuta. Nikampa shikamoo, nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikamsimulia. Nilimweleza habari za jiwe linalopoteza nusu ya uzito wake, shimo la miezi, ukuta unaorudi kuwa jiwe, kisu kinacholazwa upande mmoja. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Aliishika mbali na macho, kisha akaigeuza ubavu kana kwamba mwanga ungeingia humo.

Nikadhani ataniuliza habari za michoro, au za familia iliyokuwa na uwezo wa namna ile. Alirudisha simu, akavuta ungo, akakaa kimya kidogo.

“Maji ya kuzimia hiyo chokaa,” akasema, “waliyatoa wapi? Na nani aliyachota?”

Nikamwambia kuna visima, na kwamba maji matamu ya kisiwa kile yamelala chini ya vilima vya mchanga upande wa Shela. Akataka kujua ni mwendo gani kutoka vilimani hadi mjini, kwa mtu mwenye mtungi kichwani, na mchanga unazama kiasi gani mguu ukikanyaga.